Maneno 100 ya Kirusi hayatoshi kusoma mkataba

Oktoba 2024 shirika la habari la Associated Press lilitoa habari ambayo ilistahili kusomwa kwa makini hapa Rusizi. Wasichana wa Kiafrika wa miaka 18 hadi 22, wakiwemo wa Rwanda, Uganda na Kenya, walikuwa wakiandikishwa kwa njia ya mitandao kwenda Alabuga, eneo la viwanda katika jimbo la Tatarstan nchini Urusi. Waliahidiwa tiketi ya ndege, mshahara, na mafunzo ya kazi kama za hoteli na upishi. Baadhi yao walipofika walijikuta wakiunda ndege za kivita zisizo na rubani.

Masharti ya kuandikishwa yalikuwa mepesi: mchezo wa kompyuta na mtihani wa maneno 100 ya Kirusi.

Kwa watu wa mpakani, maneno 100 si haba. Hapa lugha huokotwa darajani. Mama anayevusha nyanya kwenda Bukavu hakusomea Kiswahili chochote darasani. Alijua bei, alijua kuhesabu, mengine yakaja yenyewe. Waliorejea nchini baada ya 1994 walikuja na Kiswahili cha Kivu, cha Bujumbura au cha Tanzania, wengine na Kiingereza cha Uganda. Mwaka 2008 serikali ikaamua shule zihame kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza, na mwaka 2017 Kiswahili kikawa lugha rasmi. Tumezoea kuanza upya. Na tangu Burundi ilipofunga mpaka wake nasi Januari 2024, kijana wa Bugarama anayeambiwa kuna kazi mbali hahitaji kushawishiwa sana.

Lakini lugha ya sokoni ina dhamana yake. Nyanya unaziona, faranga unazishika, na mteja akikudanganya leo kesho humkopeshi. Mkataba ulioandikwa hauna dhamana hiyo. Pale neno moja usilolijua ndilo linaloamua.

Tuseme ukweli, Kirusi si mnyama wa kutisha. Kina herufi 33, na kazi kubwa ya wiki za kwanza ni kusahau macho yaliyozoea: P yao ni R, H ni N, C ni S, B ni V. Neno РЕСТОРАН mtu wetu atalisoma "pektopah", kumbe ni mgahawa tu. Sarufi nayo, anayezungumza Kinyarwanda au Kiswahili anaianza akiwa na mtaji. Sisi tunasema kitabu kipya, dirisha jipya. Wao husema "novy dom" kwa nyumba mpya, "novaya shkola" kwa shule mpya, "novoye okno" kwa dirisha jipya. Mzungumzaji wa Kiingereza hulalamika hapo. Sisi tuna ngeli nyingi kuliko jinsia zao tatu. Panapochosha ni kwamba mwisho wa jina hubadilika kulingana na kazi yake katika sentensi, na hali hizo ni sita.

Basi Warusi wenyewe huhesabuje? Katika mitihani yao ya lugha kwa wageni, kiwango cha chini kabisa kinadai maneno kama 780. Kinachofuata ni 1,300. Cha kuingilia chuo kikuu ni 2,300. Mwanafunzi anayepata ufadhili wa serikali ya Urusi bila kujua Kirusi huwekwa kwanza darasa la maandalizi, kwa kawaida mwaka mzima, ndipo aanze masomo yake. Ndivyo kinavyofanya pia chuo kikuu cha Moscow kilichoanzishwa 1960 na kupewa jina la Patrice Lumumba mwaka uliofuata (jina lilifutwa 1992, likarudishwa 2023). Kwa hiyo anayekuita ukiwa na maneno 100 hakuiti ukasome. Anataka uelewe amri, basi.

Wavulana nao wana mtego wao. Septemba 2025 mwanariadha Mkenya aliyekamatwa na jeshi la Ukraine alisema alipewa karatasi za Kirusi akazitia saini bila kuzielewa, akidhani ni za kazi. Novemba mwaka huohuo waziri wa mambo ya nje wa Ukraine alisema Waafrika wasiopungua 1,436 kutoka nchi 36 walikuwa wakipigana upande wa Urusi. Hesabu hiyo ni ya upande mmoja wa vita, lakini mwezi huohuo serikali ya Kenya nayo ilitaja raia wake zaidi ya 200.

Kwa anayeanza Kirusi, basi, salamu zinaweza kungoja. Ajifunze kwanza "zarplata", mshahara, "srok", muda, "podpis", saini. Kisha ajue tofauti ya maneno mawili. Mkataba wa kazi ya kawaida, kwa sheria ya Urusi, huitwa "trudovoy dogovor", ТРУДОВОЙ ДОГОВОР. Neno "kontrakt", ambalo kila aliyesoma Kifaransa au Kiingereza atadhani analijua, ndilo linaloandikwa juu ya karatasi ya askari, likifuatiwa na ВОЕННОЙ СЛУЖБЫ, "voyennoy sluzhby": utumishi wa jeshi.