Tuupime Udongo Wetu Majini



Hapa Siakago kila mtu ni mtaalamu wa udongo. Utasikia, "Shamba lile ni mchanga mtupu, panda ndengu tu," au, "Huu mwekundu una nguvu." Ukiuliza wamejuaje, wameusugua kwa vidole. Sibezi vidole vya wazee, maana vimelisha watu miaka mingi. Lakini upana wa chembe ya mfinyanzi haupiti milimita 0.002, na kidole hakiwezi kukuambia ikiwa zimo asilimia 10 au 20. Maoni yangu ni kwamba shule yetu ianze kupima udongo kwa kuuacha utulie majini, tena udongo wa mashamba ya hapa, si ule wa mchoro wa kitabuni.

Kazi yenyewe si ya ajabu. Udongo mkavu hupondwa, ukachekechwa kwa chekeche ya matundu ya milimita 2, ukalowekwa usiku kucha. Kisha hukorogwa katika silinda ndefu ya maji na kuachwa. Chembe kubwa hukimbilia chini, ndogo huzubaa. George Stokes alieleza kanuni yake mwaka 1851: chembe yenye upana maradufu huzama kwa kasi mara nne. Katika maji ya nyuzi 20, chembe ya milimita 0.05 hushuka sentimita 10 kabla dakika haijaisha. Ya milimita 0.002 huchukua karibu saa 8! Basi muda huo ukipita, nyonya maji kidogo kwa pipeti, sentimita 10 chini ya uso, uyakaushe na kupima masalio. Huo ndio mfinyanzi.

Wengi huharibikiwa kwenye kuloweka. Chembe za mfinyanzi hupenda kushikana. Zikishuka kama donge, utazihesabu kuwa mchanga. Ndiyo sababu maabara hutia sodiamu heksametafosfeti kidogo ili zitawanyike, na uzito wake hutolewa mwishoni. Joto nalo lina neno. Katika maji ya nyuzi 30 kasi huongezeka kwa karibu robo. Mchana wa Siakago si mchana wa Uingereza jamani, kipimajoto lazima kiwepo.

"Ati itatusaidia nini?" Hebu tazama maji mekundu yanayotiririka mvua ikinyesha. Mchanga huachwa njiani, tukauona korongoni na kuuza kwa lori. Zinazotoroka ni zile chembe laini, na ndizo zinazoshika mbolea na unyevu. Bwawa la Masinga, lililoanza kazi mwaka 1981, limekuwa likipokea tope la nyanda za juu za Tana miaka yote hii. Mkulima huona tu shamba limebaki "mchanga mtupu" na kulaumu mvua. Tukipima udongo wa juu ya mteremko, wa chini, na maji ya mtaroni, tutamwonyesha kilichoondoka, kwa gramu.

Wapo watakaosema vifaa ni ghali. Silinda, mizani na kipimajoto vimo maabarani, na aghalabu vimefungiwa kabatini. Pipeti tunazo za kemia. Kinachokosekana ni ile chumvi ya kutawanya na ruhusa ya walimu wetu. Silinda ikikorogwa saa nne asubuhi, kipimo cha mwisho kitaangukia karibu saa kumi na mbili jioni. Wa kutwa watakuwa wameshaenda nyumbani, kwa hiyo wa bweni, pipeti hiyo ni yenu.