Nguvu za Miguu Hutoka Chunguni

Njia iendayo Kisangani kutoka kwetu Yanonge, yapata kilometa 60, yajua jasho la watu wengi. Wako wanaosukuma baiskeli zilizosheheni mchele, makala na mikungu ya ndizi. Mtoni wako Walokele wapigao kafi tangu alfajiri, mkondo ukiwapinga. Jioni, jua likipungua ukali, vijana wa shule hukimbia wakijitayarisha kwa mashindano. Wote hawa wafanya kazi ya namna moja, yaani kazi ya mwili idumuyo saa nyingi bila kupumzika. Juma hili twataka kutazama chakula kiipasacho kazi hiyo.

Wako vijana wadhanio kuwa pumzi na nguvu za miguu hupatikana kwa mazoezi peke yake. Husema, "Nikikimbia kila siku nitazoea." Ni kweli, mazoezi huujenga mwili. Lakini kukimbia ni kutumia, na kula ni kupokea. Atumiaye kila siku bila kupokea, mwisho wake twaujua sote.

Mwili wa mtu una akiba mbili za nguvu. Ya kwanza hutokana na wanga, yaani vyakula kama wali, muhogo, ndizi na mahindi. Mwili huugeuza wanga kuwa sukari, na sukari isiyotumika upesi huwekwa katika misuli na katika ini. Wataalamu huiita akiba hiyo glikojeni. Si kubwa: kwa mtu mzima ni gramu 400 hadi 500 hivi, nazo hutoa kalori zipatazo 2,000. Akiba ya pili ni mafuta ya mwili, ambayo hata mtu mwembamba anayo mengi kuliko aonekanavyo.

Kila mama ajuaye kuwasha moto atatuelewa. Glikojeni ni kama vijiti vikavu: hushika upesi na kutoa mwali mkali. Mafuta ni kama gogo: hudumu, lakini hayatoi mwali wa haraka. Atembeaye taratibu hutumia zaidi gogo. Akimbiaye, au apandishaye mzigo mlimani, hudai vijiti. Mtu mwenye kilo 60 akikimbia kilometa moja hutumia kalori 60 hivi. Basi mbio za marathoni, ambazo ni kilometa 42 na zaidi, zamdai kalori zaidi ya 2,500. Vijiti vikiisha njiani, miguu hukataa, kichwa huzunguka, na moyo wa ushujaa hausaidii tena.

Jambo hili si maneno ya kubahatisha. Mwaka 1967, huko Uswidi, wataalamu Bergström, Hermansen, Hultman na Saltin waliwapandisha watu juu ya baiskeli isiyokwenda popote, wakawaambia waiendeshe mpaka washindwe. Siku chache kabla ya jaribio waliwapa vyakula vya namna mbalimbali. Waliokula nyama na mafuta, karibu bila wanga, walichoka baada ya dakika 57 hivi. Waliokula chakula cha kawaida walidumu dakika 114. Waliokula wanga kwa wingi walidumu dakika 167. Watu ni wale wale, na baiskeli ni ile ile. Kilichobadilika ni sahani tu, nayo iliongeza muda wa kazi karibu mara tatu.

Tusidhani hayo ni ya Ulaya peke yake. Majirani zetu wa Kenya, ambao wakimbiaji wao wametangulia duniani kwa miaka mingi, walichunguzwa pia. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, Vincent Onywera na wenzake walipima chakula cha wakimbiaji hodari 10. Sehemu 76 hivi katika kila 100 za nguvu walizokula zilitoka katika wanga: ugali, wali, mkate, viazi, pamoja na sukari nyingi katika chai ya maziwa. Hapakuwa na dawa ya siri wala chakula cha tajiri. Hata hivyo walikula karibu kalori 3,000 kwa siku na kutumia kama 3,600, nao wakapungua uzito kidogo katika juma lile. Asiyepimwa anaweza kupungua mwezi baada ya mwezi bila kujua, mpaka ugonjwa umjulishe.

Sasa turudi kwenye chungu chetu. Wataalamu wa chakula cha michezo husema kwamba mtu afanyaye mazoezi magumu ya saa 1 hadi 3 kwa siku ahitaji wanga gramu 6 hadi 10 kwa kila kilo ya mwili wake. Kijana wa kilo 60 ahitaji basi gramu 360 kwa uchache. Nusu kilo ya mchele mkavu, ikipikwa na kugawanywa katika milo ya siku nzima, hutoa gramu 400 hivi. Mchele twaulima, muhogo, lituma na kwanga twavijua tangu utotoni. Hatuna haja ya makopo ya unga wenye picha za watu wenye misuli.

Lakini wanga peke yake haujengi mwili. Muhogo hutoa nguvu nyingi, ila protini yake ni haba mno. Misuli iliyochoka hutengenezwa upya kwa protini: samaki wa mto, maharagi, karanga, mayai, au viwavi waliokaushwa, ambao zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Pondu nayo huongeza sehemu yake, na mawese kidogo hukamilisha. Tena muhogo mchungu sharti ulowekwe siku za kutosha na kukaushwa vema. Ukiharakishwa hubaki na sumu, na sumu hiyo, mahali ambapo watu hawapati protini ya kutosha, imewaletea watu wa nchi yetu ugonjwa wa konzo unaopoozesha miguu.

Saa ya kula nayo ina maana. Mlo mkubwa na uliwe saa 3 au 4 kabla ya mbio, ili tumbo lisiwe mzigo. Karibu na mwanzo yatosha ndizi mbivu moja, yenye wanga gramu 25 hivi, au chai yenye sukari. Kazi ikipita saa moja na nusu, yafaa kula kidogo kidogo njiani, gramu 30 hadi 60 za wanga kwa kila saa, yaani ndizi 1 au 2. Kazi ikiisha, usingoje mpaka usiku wa manane: kula wali na maharagi mapema, kwa kuwa ndipo misuli hujaza ghala lake upesi zaidi. Haba na haba hujaza kibaba.

Wako wanaosema kuwa lotoko huwapa nguvu za kupiga kafi. Hasha! Pombe ina kalori, lakini misuli haiwezi kuzitumia kwa kazi yake. Zaidi ya hayo hukausha maji ya mwili na kuipotosha akili, na mto wetu haumhurumii mtu aliyelewa.

Kwa wasichana twataka kusema neno zito. Msichana akifanya mazoezi mengi huku akila kidogo, mwili wake huanza kubana matumizi. Siku zake za mwezi zaweza kukoma, na mifupa yake ikadhoofika mpaka ikavunjika kwa kazi ndogo. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliyatolea mambo haya onyo mwaka 2014, ikasema kwamba wavulana nao wanaweza kupatwa na madhara ya upungufu huo. Mama na mwalimu wasione haya kuuliza. Kukoma kwa siku hizo si dalili ya ushujaa, na msichana huyo apelekwe kwa mganga wa hospitali.

Hatimaye, tuitazame nyumba yote. Baba humtengea mwanawe mkimbiaji sahani kubwa, na ni haki. Lakini je, mama aliyerudi shambani na kapu la muhogo mgongoni, akatwanga, akachota maji na kutafuta kuni, yeye ni nani? Yeye pia amefanya kazi ya saa nyingi, wala hakuna aliyempigia makofi. Mara nyingi hula mwisho, tena kilichobaki. Akiwa ananyonyesha, mwili wake wadai kalori 500 hivi zaidi ya kawaida. Kumnyima ni kumnyima na mtoto. Vivyo hivyo mtoto atembeaye kilometa nyingi kwenda shule bila kuonja kitu: mwalimu humwona mvivu, kumbe akiba yake imeisha njiani.

Basi, wazazi na vijana, kabla ya kumwambia mtu akaze mwendo, mwulizeni kwanza amekula nini, na lini. Chakula kikiwa kichache, kigaweni kwa kipimo cha kazi ya kila mmoja, wala si kwa ukubwa wa sauti yake. Na siku ambayo chungu ni kitupu kweli, mazoezi nayo yapunguzwe. Kupumzika siku hiyo si uvivu, bali ni kuitunza akiba iliyobaki. Juma lijalo, tukijaliwa, tutasema habari za maji na chumvi kwa wale watokao jasho jingi.