Ukungu Katika Jicho la Kamera

Baridi ya Kigezi haina mzaha. Yeyote aliyepata kushika lindo la usiku katika vilima vya Kabale, mji ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, anajua jinsi vidole vinavyokufa ganzi miezi ya Juni na Julai. Lakini juma hili sizungumzii makoti wala mablanketi. Nazungumzia kamera, kwa kuwa baridi hiyo ilipata kutunyima picha ambayo haitapigwa tena.

Asubuhi moja ya Julai, mwaka 2012, shemeji yangu, ambaye ni askari, alikuwa akiagana na jamaa zake kabla ya kwenda kulinda amani Somalia. Mimi, kijana niliyetoka chuo cha ualimu juzijuzi, ndiye niliyekabidhiwa kamera. Nilikuwa nimeiacha garini usiku kucha. Nikaiingiza chumbani walimojaa watu, sigiri inawaka na sufuria ya uji inatokota. Shemeji akaketi ubavuni mwa mama yake mzazi. Nilipochungulia, kioo kilikuwa cheupe kama maziwa. Nikakifuta kwa shati; kikafunga tena. Nikafuta, nikapiga, nikafuta, hata gari lililokuja kumchukua likapiga honi. Bibi yule alifariki mwaka uliofuata, mwanawe akiwa bado ugenini. Picha tuliyobaki nayo inaonyesha vivuli viwili tu.

Kosa lilikuwa langu, na sababu yake ni nyepesi kueleweka. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi kuliko hewa ya baridi. Hewa ya nyuzi 30 za Selsiasi, ikishiba, huchukua takriban gramu 30 za maji katika kila mita moja ya ujazo. Ile ya nyuzi 10 haifikishi hata gramu 10. Hewa ya chumbani igusapo kioo kilicholala nje, hupoa ghafla na kuutua mzigo uliozidi. Ni umande ule ule tuuonao juu ya majani alfajiri. Kwa hiyo hatari haiko huko nje kwenye baridi. Iko mlangoni, unapoingia ndani.

Basi fanyeni hivi. Kabla ya kuingia, itieni kamera katika mfuko wa plastiki usiotoboka, yaani kavera, mkamue hewa na kuufunga barabara. Umande utatua juu ya mfuko, si juu ya kioo. Msiufungue mpaka kamera ipate joto la chumba: saa moja, na kwa kamera kubwa hata saa mbili. Mwenye haraka ya kutazama picha na aitoe kadi ya kumbukumbu angali nje. Ikiwa mnajua kwamba picha zitapigwa ndani asubuhi, kamera na ilale ndani pamoja nanyi.

Iwapo ukungu umekwisha kuingia, zimeni kamera na kungoja. Msiisogeze karibu na sigiri, wala msikifute kioo kwa shati, maana vumbi la shati hukwaruza. Msiifungue ili kubadili lenzi; mtaukaribisha mvuke ndani. Huko lindoni nako, msiifiche kamera ndani ya koti penye jasho. Betri ndizo zinazostahili kukaa kwenye mfuko wa ndani, kwani baridi huzidhoofisha upesi. Simu ya mkononi nayo hufuata kanuni hiyo hiyo. Ukungu ukionekana chini ya kioo chake na usitoke, jueni maji yamepenya, na fundi aitazame.

Jambo la mwisho ni la akina mama na akina baba watunzao kamera kabatini. Lugha yetu imeviita vitu viwili kwa jina moja: ukungu wa mvuke, na ukungu uotao juu ya mkate uliochacha. Ule wa kwanza huondoka wenyewe ukingojewa. Lakini kamera ikifungiwa na unyevu katika mkoba wa ngozi, wa pili huota ndani ya lenzi kama utando wa buibui, na huweza kuula kabisa utando mwembamba uliopakwa juu ya kioo. Huo hauondoki kwa kungojewa. Ikausheni kamera kwanza, kisha iwekeni katika kopo lenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vifuko vidogo vya punje za kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu vipya. Msivitupe tena, ila viwekeni mbali na watoto.

Shemeji alirudi salama mwaka 2013. Kamera ile ingali ikifanya kazi, na siku hizi hailali garini.