Picha za Kitabibu Zinapobanwa, Nani Huchagua Kinachopotea?

Imekuwa desturi kwa daktari aliye mbali na bingwa wa radiolojia kuipiga picha skrini ya CT kwa simu yake, kuituma kwa WhatsApp, kisha kusubiri jibu. Desturi hiyo huokoa muda, na anayetaka kuipiga marufuku hajafikiria umbali uliopo kati ya hospitali ya wilaya na ile ya rufaa. Kasoro ipo kwingine. Jibu linaporudi, huandikwa kwenye jalada la mgonjwa kana kwamba bingwa ameisoma picha yenyewe. Hakuisoma. Amesoma mabaki yake, baada ya programu kuamua, bila kumshauri mtu, ni kipi hakihitajiki.

Uamuzi huo una jina: kwantaizesheni. Ni kazi ya kuzichukua thamani nyingi na kuzilazimisha ziingie katika ngazi chache. Muuza duka ambaye mizani yake haina jiwe dogo kuliko robo kilo huifanya kila siku. Sukari ya gramu 260 na ya gramu 300 kwake ni robo tu. Fizikia nayo ina ngazi zake, kwani mwaka 1900 Max Planck alipendekeza kwamba nishati hupimwa kwa mafungu yasiyogawanyika. Lakini ngazi za fizikia zimewekwa na maumbile. Za kubana picha zimewekwa na watu, na kilichowekwa na watu kinaweza kuhojiwa.

Kila nukta ya picha ya CT hubeba namba katika kipimo cha Hounsfield, ambamo maji ni 0 na hewa ni -1000. Kwa kawaida namba hizo huhifadhiwa kwa biti 12, yaani ngazi 4096, kuanzia -1024 hadi 3071. Picha ya kawaida ya simu ina ngazi 256 kwa kila rangi. Zile 4096 zikigawanywa sawasawa humo, kila ngazi mpya humeza 16 za zamani. Achukuliwe mgonjwa wa kiharusi katika saa za mwanzo: tishu ya kijivu ya ubongo wake, iliyokuwa na thamani ya 38, imeshuka hadi 34. Thamani zote mbili huangukia ngazi moja, ile ya 32 hadi 47. Kwa mujibu wa picha, hakuna kilichotokea.

Wanaradiolojia hulikwepa tatizo hili kwa kufungua dirisha jembamba, kwa mfano thamani 0 hadi 80 kwa ubongo, na kuzitandaza hizo peke yake kwenye ngazi zote za skrini. Kila kilicho juu ya 80 huwa cheupe. Ubongo huonekana vizuri, lakini mfupa wa fuvu hugeuka ukuta mweupe usioonyesha ufa. Mwenye faili halisi hubadilisha dirisha akautazama mfupa. Aliyetumiwa picha ya simu hana la kubadilisha.

Kisha huja ubanaji wa JPEG. Picha hukatwa vipande vya nukta 8 kwa 8, na kila kipande huelezwa kwa namba 64: za mwanzo hueleza mwanga wa jumla, za mwisho hueleza kingo nyembamba na vijialama. Kila namba hugawanywa kwa kigawanyo kilichopangwa kwenye jedwali, kisha hukadiriwa kuwa namba nzima. Katika jedwali la mfano la kiwango hicho, kigawanyo cha kwanza ni 16 na cha mwisho ni 99. Namba 40 ikiangukia mwishoni hugawanywa kwa 99, ikawa sifuri, na sifuri hairudishwi kuwa 40 na programu yoyote. Ufa mwembamba wa mfupa huishi sehemu hiyohiyo.

Jedwali hilo halikutungwa kwa uzembe. Lilizingatia kile ambacho jicho la binadamu halikikosi katika picha za kawaida. Nadharia nayo ina mwelekeo kama huo. Stuart Lloyd mwaka 1957, na Joel Max mwaka 1960, walionyesha namna ya kupanga ngazi ili wastani wa kosa uwe mdogo kabisa, na matokeo yake ni kwamba thamani zinazojitokeza mara nyingi hupewa ngazi nyingi, na za nadra hupewa chache. Kwa sauti ya simu, huo ni uhandisi bora. Kwa tiba ni jambo la kutiliwa shaka, kwa sababu ugonjwa wenyewe ndio thamani ya nadra.

Upo ubanaji usiopoteza kitu, unaoweza kupunguza faili ya kitabibu hadi nusu au theluthi. Bando litagharimu zaidi, na hospitali, si daktari, ndiyo inayopaswa kulilipia. Kiwango cha DICOM pia hutaka picha iliyowahi kubanwa kwa kupoteza ibebe alama isiyofutwa tena. Picha ya WhatsApp haina alama hiyo. Hadi faili halisi itakapofika, bingwa anayejibu aandike kwenye taarifa yake maneno matano: imesomwa kutoka picha ya simu.