Chumba cha nyuma tusikikodishe



Mwisho wa mwezi huu tutapiga kura juu ya chumba cha nyuma, pale ofisi ya sendika. Mtu mmoja wa biashara anataka kukikodi aweke saruji na unga ndani. Lakini kila siku ya posho asubuhi chumba hicho kina watu: wazee wa pansioni, vijana wasio na kazi, na mama wawili. Wanajifunza kupaka tablo kwa rangi ya mafuta. Delege mmoja alisema mbele ya wote: « Ile ni michezo ya batoto. » Sisi tunasema hapana, na sababu zetu ni hizi.

Kwanza mujue wanafanya nini. Kila mmoja anakamata kipande cha kitambaa cha mfuko wa unga, kimepigwa misumari juu ya ubao, ukubwa wa daftari ya shule. Anakipaka kole, maana mafuta yakiingia moja kwa moja, kitambaa kitaoza. Mbele ya dirisha wanaweka kitu kimoja ao viwili: sufuria nyeusi na tomate tatu, ao kofia ya kazi na kopo. Wanafunga macho nusu ili waone kwanza kivuli kikubwa na mwangaza mkubwa. Vidogo njo vinafuata. Rangi ni tano tu: nyeupe, manjano ya udongo, nyekundu, buluu na kahawia. Tabaka ya chini ni nyembamba, yenye terebentini. Ya juu njo inabeba mafuta mengi, kama sivyo rangi itapasuka. Kisha saa moja ao mbili, wanaacha. Juma linalofuata, ubao mwingine.

Kwa nini ndogo, na kwa nini kila juma? Sisi wa mine tungepaswa kujua kushinda wengine. Nani kati yetu alijifunza kutoboa mwamba siku moja? Mtu akifanya tablo kubwa miezi mitatu, anabaki na kosa moja miezi mitatu. Akifanya ndogo kumi na mbili, kosa la kwanza analiona, la pili analipunguza, na ya kumi na mbili inakuwa tofauti kabisa.

Siku zingine wanatoka nje, wanakaa fasi wanaona shemine na terili. Pale wanajifunza mbio, maana kivuli cha saa moja asubuhi si cha saa nne. Na ile terili, bandugu, muiangalie muzuri. Hapa Lubumbashi shaba ilianza kuyeyushwa mwaka 1911, na mulima ule ni uchafu wa tanuri uliotupwa na jasho la babu zetu. Sasa unachotwa, kwa sababu ndani mulibaki kobalti. Mutoto anayezaliwa leo hatauona sawa vile sisi tuliuona. Nani atamuonyesha, kama si sisi?

Na hii kazi si ya wageni. Tangu 1946, hapa mjini, ndani ya atelye ya Romain-Desfossés, Pili Pili Mulongoy alipaka samaki na ndege, Mwenze Kibwanga akajenga watu kwa mistari mifupi, Bela akatumia vidole vyake. Miaka ya 1970 Tshibumba Kanda Matulu alipaka historia ya inchi nzima, tablo zaidi ya mia moja. Mifuko ya unga imebeba tablo nyingi za muji huu.

Kuko jambo lingine linatuuma. Mwaka 1802 mwanakemia wa Ufaransa, Louis Jacques Thénard, alitengeneza rangi ya buluu kutoka kobalti. Mpaka leo buluu hiyo ni ya bei kali. Dawa ya kukausha rangi ya mafuta, nayo mara nyingi ina kobalti. Basi kobalti tunaitoa kwa mikono yetu, na tyubu moja ya buluu yake hatuwezi kununua. Ndani ya chumba wanatumia buluu ya rahisi. Na chumba chenyewe pia tukiuze?

Wengine wanasema: franka ya kukodisha itasaidia kasha ya wajane. Neno hilo ni zito, hatulicheki. Tunaleta njia nyingine: chumba kikodishwe siku zingine kwa matanga na ndoa, na franka yote iingie kasha ya wajane. Siku ya posho asubuhi tu ibaki ya tablo. Wengine wanaogopa moto. Wana haki: kitambaa chenye mafuta ya kitani kikikunjwa na kuachwa, kinaweza kuwaka chenyewe. Njo maana kuko kopo la maji lenye kifuniko pale mlangoni, na vitambaa vyote vinaingia mule. Usalama tulijifunza chini ya udongo.

Mzee mmoja wa kwetu, mikono yake inatetemeka tangu kazi ya kutoboa mawe. Mwezi wa kwanza alipaka kitu kimoja tu, mara ine: mbabula ya nyumbani. Tatu za kwanza zilifanana na ndoo. Ya ine aliipeleka kwake, akaisimamisha karibu na ukuta bila kusema kitu. Bibi yake aliingia, akaangalia, akauliza: « Kwa nini umeweka hata ule muguu uliovunjika? » Mzee alituletea habari hiyo akicheka sawa kijana.

Kura ni siku ya posho ya mwisho wa mwezi, saa tano. Mukuye saa tatu, mupite kwanza ndani ya chumba, muangalie kwa macho yenu. Kisha mupige kura.