Degedege: Usiogope Sindano, Ogopa Kuchelewa

 

Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo mama wengi huogopa hata kulitaja. Juzi, baada ya mkutano wa akina mama kanisani, tulikuwa tukiosha vyombo. Mama mmoja kijana alinisogelea akaniuliza kwa sauti ya chini, "Sista, eti ni kweli mtoto mwenye degedege akichomwa sindano hufa?" Kabla sijajibu, bibi mmoja aliyekuwa akisugua sufuria akaitikia, "Ndiyo, mwanangu. Kwanza atulizwe na mganga, sindano baadaye." Wengine wote wakanyamaza. Nikatambua kwamba si yule kijana peke yake mwenye swali hilo.

Degedege ni nini?

Wazee wetu wengi, hasa sisi wa pwani, walifundishwa kwamba kuna dege wa usiku, mdudu au ndege, ambaye akipita juu ya mtoto humdhuru. Mtoto hushtuka, hukaza mikono na miguu, hugeuza macho, hutoka mapovu mdomoni. Si ajabu watu walifikiri hivyo. Mwenye kuona jambo hilo kwa mara ya kwanza katika mtoto wake mwenyewe hawezi kulisahau.

Lakini ukweli ni huu: degedege si ndege wala si pepo. Ni dalili kwamba ubongo wa mtoto umeshtuliwa. Vitu vinavyoushtua ni vingi, lakini hapa kwetu viwili ndivyo tunavyokutana navyo zaidi.

Cha kwanza ni homa peke yake. Ubongo wa mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5 bado ni mchanga, na homa ikipanda unaweza kushtuka. Hata Ulaya, ambako hakuna malaria wala hadithi ya dege, watoto kama 2 hadi 5 katika kila 100 hupata degedege la namna hii. Mara nyingi hukoma lenyewe kabla ya dakika 5. Mtoto huamka, hulia, hunyonya, na ubongo wake haudhuriki. Wala hilo si kifafa. Wengi wao wakishakua halirudi tena.

Cha pili ni ugonjwa mkali uliofika kichwani. Wa kwanza ni malaria kali. Vijidudu vya malaria huingia ndani ya chembe nyekundu za damu, na chembe hizo hunata katika mishipa midogo ya ubongo. Damu haipiti vizuri, sukari mwilini hushuka, na mtoto hupoteza fahamu. Mwingine ni homa ya uti wa mgongo. Magonjwa haya huua, na huua upesi. Mtoto aliyekuwa akicheza asubuhi anaweza kuwa hoi kabla ya usiku.

Sasa, mama mwenzangu, sikiliza vizuri. Wewe ukiwa nyumbani huwezi kujua degedege hili ni la namna ya kwanza au ya pili. Hata mimi, pamoja na miaka yangu yote ya kazi, siwezi kwa kumtazama tu. Ni lazima mtoto apimwe. Kwa hiyo kila degedege ni safari ya hospitali, hata kama limekoma, hata kama mtoto ameanza kucheka.

Kwa nini watu husema sindano inaua?

Nimelifikiri neno hili kwa muda mrefu, na nadhani nimeelewa lilikotoka. Mtoto anashikwa saa kumi jioni. Anapelekwa kwa mganga, anafukizwa moshi wa kinyesi cha tembo, anapakwa majani, anachanjwa chale. Usiku unapita. Alfajiri amelegea kabisa, ndipo watu wanakimbilia hospitali. Anachomwa sindano, na baada ya muda mfupi anafariki. Watu wanarudi nyumbani wakikumbuka sindano, kwa sababu ndiyo waliyoiona mwisho. Saa kumi na mbili zilizopita kabla yake hakuna anayezihesabu.

Sindano haikumwua. Ilimkuta amechelewa.

Nilipoanza kazi tulikuwa tukitibu malaria kali kwa kwinini ya dripu. Tangu mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba hata watoto watibiwe kwa sindano ya artesuneti badala yake, kwa kuwa uchunguzi katika nchi kadhaa za Afrika ulionyesha kwamba inaokoa watoto wengi zaidi. Mtoto huchomwa angalau mara tatu ndani ya saa 24, kisha akiweza kumeza humalizia dawa ya mseto kwa siku tatu. Na mahali ambapo sindano haipo, mtoto mdogo anaweza kuwekewa dawa ya kwanza kwenye njia ya haja kubwa, kisha akakimbizwa hospitali. Sindano hiyo hiyo inayoogopwa ndiyo imewarudishia mama wengi watoto wao.

Kosa langu

Sitaki mfikiri kwamba lawama yote ni ya wazazi. Nina jambo langu la kuungama.

Miaka mingi iliyopita, katika kituo nilichokuwa nikifanya kazi, alikuja mama mmoja kijana alfajiri. Mgongoni alikuwa na mtoto wa kama miaka miwili, ananuka moshi, ana chale mbichi kifuani. Mama mkwe alikuwa nyuma yake. Nilikuwa nimekesha, nimechoka. Nilimfokea mbele ya watu wote, "Mlikuwa wapi tangu jana? Mnakuja na mtoto wa kufa ili tulaumiwe sisi?" Yule mama hakujibu neno. Alitazama chini tu. Kwa neema ya Mungu mtoto alipona, wakaenda zao.

Baada ya miaka miwili nikasikia kwamba mtoto wake wa pili amefariki kwa degedege, nyumbani. Nilipouliza kwa nini hawakumleta, jirani yake akaniambia, "Alisema heri afe naye ndani kuliko kwenda kutukanwa tena."

Nilikwenda msibani. Nilikaa naye chini mkekani, nikamwomba msamaha. Aliniambia, "Sista, nilikuwa nimeshafika mlangoni siku ile ya kwanza. Nilikuja." Hakusema zaidi. Nami sikuwa na la kujibu.

Tangu siku hiyo siulizi tena "mlikuwa wapi." Nasema, "Umefanya vizuri kuja, mama. Mpe hapa." Maswali yatafuata mtoto akishatibiwa. Kwa hiyo nakusihi: hata kama umechelewa, hata kama umeshapita kwa mganga, njoo. Utueleze bila kuficha mtoto alipewa dawa gani na saa ngapi, maana hilo linatusaidia kumtibu. Na kama kuna muuguzi atakayekusemea vibaya, vumilia kwa ajili ya mtoto, mwachie mtoto atibiwe, kisha kamweleze mkubwa wa kituo. Usiache maneno ya mtu yakunyime mtoto.

Mtoto akishikwa, ufanye nini?

1. Mlaze chini mahali salama, mbali na moto, maji na vitu vyenye ncha. Mlaze ubavu, ili mate na matapishi yatoke nje yasimpalie.

2. Mlegeze nguo, hasa shingoni. Mpunguzie kanga na mablanketi. Watu wasimzunguke, apate hewa.

3. Tazama saa. Degedege likizidi dakika 5, au likirudi tena mtoto kabla hajapata fahamu, hiyo ni hatari kubwa. Usisubiri likome, ondoka naye hivyo hivyo.

4. Likikoma, endelea kumlaza ubavu na uanze safari. Njiani awe na mtu wa kumshika na kumtazama kama anapumua vizuri. Akiwa amezinduka na anaweza kumeza, mnyonyeshe. Akiwa hana fahamu, usimtie kitu chochote kinywani.

Usifanye haya

Usimtie kijiko, kijiti wala kidole kati ya meno. Mtoto hamezi ulimi wake, lakini kijiko huvunja meno na huziba pumzi. Usimmwagie maji ya baridi wala kumtumbukiza katika beseni. Usimshikilie kwa nguvu ili aache kutetemeka. Usimnyweshe maji, mafuta, mkojo wala dawa yoyote wakati huo, kwa maana vitaingia mapafuni. Usimfukize moshi, mtoto huyo anahitaji hewa safi.

Parasetamoli humpunguzia mtoto homa na maumivu akiwa macho, kwa kipimo cha uzito wake, lakini haizuii degedege wala haitibu malaria. Homa ikishuka baada ya kuinywa, usijidanganye kwamba amepona.

Usingoje degedege

Mara nyingi zipo dalili zinazotangulia. Mtoto mwenye homa apimwe damu siku hiyo hiyo au kesho yake, kwa kipimo cha haraka ambacho zahanati nyingi zinacho siku hizi. Akikutwa na malaria, atapewa dawa ya mseto: dozi sita kwa siku tatu, ya pili baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni. Mpe baada ya kunyonya, maziwa au chakula. Usiikate akipata nafuu ili uweke akiba ya mdogo wake.

Na ukiona mojawapo ya haya, kimbia naye hata kama ni usiku: hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amelegea sana au haamshiki, amepata degedege. Kadhalika akipumua kwa shida, viganja vikiwa vyeupe, shingo ikikaza au utosi ukituna.

Kinga yake mnaijua: alale ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, hata wakati wa kiangazi, na amalize chanjo zake zote, kwa sababu baadhi yake humkinga na homa ya uti wa mgongo na surua.

Maombi na hospitali

Wengine huniambia, "Lakini Biblia inaeleza habari za kijana aliyeanguka na kutoka povu." Ni kweli, imo katika Marko sura ya 9. Mimi sina elimu ya kuwafundisha wachungaji. Ninachokiona pale ni baba aliyemtoa mtoto wake nje, akamleta mbele ya watu, akaeleza dalili zote bila kuficha na tangu lini zilianza. Hakumfungia ndani. Na Luka, aliyetuandikia Injili, Paulo anamwita tabibu katika Wakolosai sura ya 4. Maombi na dawa havigombani. Omba ukiwa unafunga kanga. Omba juu ya bodaboda. Sisi hospitalini nasi tunaomba, huku tukitafuta mshipa.

Zungumzeni kabla homa haijaja

Jambo la mwisho ndilo ninalotamani mlifanye wiki hii. Degedege likija, si wakati wa kubishana. Nyumba nyingi mtoto hucheleweshwa si kwa kukosa upendo, bali kwa sababu mama anamngoja baba atoe ruhusa, baba anamngoja mama yake, na bibi anakumbuka ya zamani.

Ketini jioni moja, wewe na mume wako, mkubaliane: homa ikija, nani anaondoka na mtoto bila kungoja ruhusa? Nauli iko wapi? Dereva gani wa karibu anaweza kuamshwa usiku? Nani atabaki na wengine? Wekeni fedha kidogo za safari hiyo, zisiguswe kwa chumvi wala sabuni.

Na mama mkwe msimpite pembeni. Mwendeeni kwa heshima. Mwambie, "Mama, wewe umelea wengi kuliko mimi. Mtoto akishikwa, naomba twende wote hospitali, unishikie mtoto njiani." Bibi aliyeombwa msaada huwa wa kwanza kufunga kanga. Yule bibi aliyekuwa akisugua sufuria tulizungumza naye mpaka vyombo vikaisha. Alinisikiliza, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mimi nilizika wawili, sista. Hakuna aliyeniambia haya." Tukashikana mikono tukaomba pamoja.

Ndiyo sababu nimewaandikia. Mwambie na jirani yako, hasa yule asiyesoma.

Mungu awalinde ninyi na watoto wenu. Tukutane mwezi ujao, Bwana akipenda.