Waraka kwa Ndugu wa Visimani: Kipimo cha Pampu ni Ushahidi

Kwa ndugu zangu wanakamati wa maji, maopareta wa pampu, kina mama wa vioski na wazee wa mabirika, kuanzia Balambala hadi Hulugho, kuanzia Modogashe hadi Liboi.

 

Nawaandikia nikiwa na huzuni, wala si kwa hasira, maana hasira ni ya mtu anayesema na wageni, nami nasema na watu wa nyumbani. Sina haja ya kuwaeleza thamani ya maji. Wengi wenu mlizika mifugo katika ukame wa 2011, mkaizika tena mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo tangu mwishoni mwa 2020. Mnajua jinsi kijiji kizima kinavyosikiliza jenereta ikiwashwa alfajiri, na jinsi watu wanavyotazamana ikikohoa na kuzima. Kwa kuwa mnayajua haya kuliko mimi, ndiyo maana imeniuma kuona tumeanza kudanganyana katika jambo lile lile ambalo uhai wetu unalitegemea. Ninasema juu ya vipimo vya pampu zetu, na juu ya ukaguzi ambao umegeuka mchezo wa kuigiza kati yetu na wakaguzi.

Hivi karibuni nilikaa chini ya mti na kamati mojawapo, ambayo jina lake nalihifadhi kwa sababu si hiyo peke yake. Nikaomba daftari la pampu. Nililetewa daftari safi kabisa, kurasa zimejaa, kila siku saa zile zile za kusukuma, lita zile zile, mwandiko mmoja, kalamu moja. Hata zile siku ambazo kila mtoto wa kijiji kile anakumbuka kwamba mota ilikuwa imeungua na maji yakiletwa na boza, daftari lilisema pampu ilifanya kazi vyema. Halikuwa na tone la dizeli wala alama ya kidole. Daftari la opareta wa kweli halikai hivyo. Nilipouliza, sikujibiwa, na kimya kile kilikuwa cha aibu, si cha kiburi. Kwa hiyo nikajua bado tuna heri. Baadaye kijana mmoja alinieleza kwamba mkaguzi alitarajiwa kesho yake. Akanieleza pia kwamba ikijulikana mkaguzi anakuja, pampu hupumzishwa siku nzima ili maji yapande kisimani, paneli za sola hufutwa vumbi, chujio husafishwa, kisha mgeni anapimiwa maji yenye nguvu na kurudi mjini ameridhika.

Ndugu zangu, tukumbushane kipimo ni cha nini. Kisima kipya kikichimbwa, kazi haijaisha maji yanapoonekana. Mkandarasi anatakiwa apime kwanza maji yametulia kina gani, ndipo asukume kwa kiasi kimoja bila kusimama, kwa kawaida saa 24, huku kina kikiandikwa kila baada ya dakika chache mwanzoni na kwa nafasi ndefu zaidi baadaye. Halafu azime, apime maji yanavyorudi juu. Katika namba hizo ndimo tunamojua kisima kinaweza kutoa lita ngapi kwa saa bila kuchoka, na pampu iteremshwe hadi mita ngapi. Ripoti hiyo ndiyo inayokwenda kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, ambayo ndiyo yenye kutoa kibali cha kutumia maji ya chini ya ardhi. Sasa mkandarasi akizima mashine baada ya saa sita kwa sababu dizeli yake imepungua, na saa zilizobaki akazijaza kwa kalamu, kisima kitavishwa pampu iliyokizidi nguvu. Maji yatashuka hadi kwenye mdomo wa pampu, mchanga utavutwa, mota itapata joto na kuungua. Tutasema tumeletewa mashine mbovu, kumbe iliyokuwa mbovu ni karatasi.

Na kwetu hapa madhara hayaishii kwenye kisima kimoja. Wengi wetu tunakunywa kutoka hazina moja ya maji, ile ya Merti, inayopita Habaswein, ikaja Dadaab na Liboi, ikavuka mpaka kuingia Somalia. Maji yake ni matamu katikati na ya chumvi pembeni, na visima vikivutwa kupita kiasi, chumvi inaweza kusogea. Wakimbizi wa Ifo, Dagahaley na Hagadera wameishi juu ya maji hayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 pamoja na wenyeji waliowapokea. Anayeandika uongo kisimani kwake anamwandikia uongo jirani ambaye hatamwona kamwe.

Huenda mmoja wenu akasema kwamba haya ni ya wahandisi, nasi ni wafugaji. Basi tutazame wale ambao pampu zao zinachungwa kuliko zote duniani, wenye mitambo ya umeme wa nyuklia. Mtambo ule ukizimwa, fueli yake hubaki na joto kwa muda mrefu, na maji yakikosa kuzunguka, fueli hiyo huyeyuka. Ndivyo ilivyotokea Fukushima, Japani, Machi 2011, wimbi la bahari lilipokata umeme na upoozaji ukashindikana katika mitambo mitatu. Kwa sababu hiyo huwekwa pampu za akiba ambazo zinaweza kukaa miaka bila kuitwa. Kule Marekani sheria inataka pampu hizo zipimwe mara kwa mara, nyingi kila miezi mitatu. Hupimwa kiasi cha maji, shinikizo na mtetemo, kisha namba hulinganishwa na zile zilizoandikwa pampu ilipokuwa nzima. Ikipungua hadi kiwango fulani, huwekwa chini ya uangalizi. Ikipungua zaidi, hutangazwa kuwa haifai mpaka itengenezwe. Na mdhibiti wa serikali hangoji kualikwa. Ana wakaguzi wenye ofisi ndani ya mitambo yenyewe.

Hata hao, pamoja na sheria zao, walijaribiwa kwa jaribu letu hili. Mwaka 1997 mdhibiti huyo alitoa taarifa ya kuwaonya wenye mitambo juu ya tabia ya kuiandaa mashine kabla tu ya kuipima: kuitia mafuta, kuizungusha, kuilegeza palipokaza, ndipo ipimwe na ifaulu. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuelewa. Ukifanya hivyo umepima kazi ya fundi ya asubuhi ile. Hujaipima pampu kama itakavyokutwa siku ya balaa. Sisi tunamjua mtu wa namna hiyo. Ni yule anayemlambisha mbuzi chumvi usiku na kumnywesha maji alfajiri, apate kuonekana amejaa katika soko la mifugo la Garissa. Mnunuzi wa mbuzi huyo hudanganywa mara moja. Sisi tunapoijaza pampu yetu kwa siku moja, mnunuzi ni nani kama si watoto wetu wenyewe?

Tena kupima bila uangalifu nako kuna hatari yake. Machi 1979, katika mtambo wa Three Mile Island huko Pennsylvania, pampu za akiba ziliitwa na zikawaka kama zilivyopaswa, lakini maji hayakufika yalikohitajika. Vali zilikuwa zimefungwa siku mbili kabla wakati wa majaribio, zikabaki zimefungwa, na zilichukua dakika nane kugunduliwa. Hiyo haikuwa sababu kuu ya ajali ile, lakini iliwachanganya watu wakati ambao kila dakika ilikuwa na thamani. Fikirini: pampu nzima, kipimo kimefanyika, karatasi iko sawa, na maji hayapiti. Nasi Kenya tangu 2019 tuna mamlaka ya kudhibiti nyuklia kwa sheria, na mpango wa kujenga mtambo wetu umekwisha kuzungumzwa sana, Kilifi kwanza na baadaye kando ya Ziwa Victoria. Taifa linalotaka kuaminiwa kuwa na mtambo kama huo lazima liwe limezoea kuandika ukweli hata kuhusu pampu ya kunyweshea ngamia.

Sikosi kuelewa kwa nini tunadanganya. Opareta ambaye posho yake imechelewa anaogopa kwamba akiandika maji yamepungua, ataulizwa dizeli imekwenda wapi. Kamati inaogopa kisima chake kikiandikwa dhaifu, msaada utapelekwa kwingine. Wapo pia wanaonufaika pampu ikinyamaza, kwa sababu boza la maji hulipwa kwa safari. Na kwa heshima zote niwaambie ndugu zetu wakaguzi: mkaguzi anayetia sahihi akiwa kivulini, chai mkononi, bila kufika kisimani, ndiye anayetufundisha kudanganya. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, imempa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Sheria ya Maji ya 2016 imegawa kazi: huduma kwa kaunti, rasilimali kwa mamlaka yake, viwango vya huduma kwa bodi ya udhibiti. Lakini hakuna kifungu kinachoweza kusimama badala ya jicho la mtu mwaminifu kwenye mdomo wa bomba.

Sisi ni watu wa amana. Msafiri hukabidhi ngamia wake kwa mtu asiye ndugu yake na huwakuta salama. Mzee husema neno moja mbele ya mashahidi na deni la damu likaisha. Katika Kurani kuna sura nzima, Al-Mutaffifin, iliyopewa jina la wapunjaji wa vipimo, na kila mtoto wa duksi, chuo chetu cha Kurani, anaijua. Tumezoea kuisikia tukimfikiria mwenye duka na mizani yake. Leo tuisikie tukifikiria daftari la pampu. Kuandika lita ambazo hazikutoka ni kupunja, na kutia sahihi kipimo usichokiona ni ushahidi wa uongo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na kisima kinachofichiwa ugonjwa kitatuumbua katikati ya kiangazi, mifugo ikiwa imeshafika birikani.

Kwa hiyo nawasihi tufanye haya, ambayo hayahitaji fedha za mfadhili. Kila mwanzo wa mwezi, kabla mtu hajagusa chujio wala kufuta paneli, wekeni pipa la lita 200 chini ya bomba na mhesabu sekunde. Likijaa kwa sekunde 72, kisima kinatoa lita 10,000 kwa saa. Likichukua 90, zimebaki 8,000, na hiyo ni habari ya kuandikwa siku hiyo hiyo. Andikeni kwanza kama ilivyokutwa. Ndipo msafishe, mtengeneze, mpime tena, na namba zote mbili zikae ukurasa mmoja. Sahihi ziwe mbili, ya opareta na ya mama mmoja wa kioski, kwa kuwa yeye ndiye wa kwanza kujua jerikeni inachelewa kujaa. Baada ya kupima, mtu wa pili azunguke akague vali moja moja. Kisima kipya kikipimwa, wazee wawili wapokezane zamu saa zote 24, na mkandarasi asipewe sahihi kwa saa ambazo hakuna aliyemwona. Na palipofungwa sensa, kama zile za mradi wa Kenya RAPID ulioanza 2015 katika kaunti tano, yetu ikiwemo, tusiiachie kazi yetu. Inaweza kusema pampu imesimama. Kwa nini imesimama ni juu yetu kueleza.

Jambo moja zaidi, nalo ni zito kuliko yote. Opareta akileta namba mbaya, msimfokee wala msimkate posho. Mshukuruni mbele ya watu. Siku tutakayomwadhibu msema kweli, madaftari yote ya kaunti hii yatakuwa safi tena. Na mkaguzi akija bila taarifa, mpokeeni kwa maziwa, kisha mwongozeni hadi kisimani mkampe daftari kama lilivyo, na matone yake ya dizeli.

Kiangazi cha Jilaal hakiko mbali. Kila kamati isome waraka huu kwa sauti mbele ya wanachama, kwa lugha wanayoielewa vyema, na kipimo cha kwanza cha kweli kifanyike mwanzo wa mwezi ujao. Kamati itakayoona maji yamepungua iseme mapema, ili tuidai kaunti ukarabati wakati muda bado upo, na majirani wajue watakunywesha wapi. Mwenyezi Mungu atupe ukweli katika kalamu zetu na baraka katika visima vyetu.

Wabillahi tawfiq.

Ndugu yenu katika kazi ya maji,
Mwenyekiti, Garissa